Mashua Zilizopanda Mlima

Msomaji wangu, huenda umewahi kusimama Likoni ukingojea kivuko, ukaitazama meli kubwa ikiingia Kilindini polepole, kama mzee aingiaye nyumbani kwake. Yamkini ulijiuliza imetoka nchi gani na imepakia nini. Sidhani kama ulijiuliza ni nani atakayeiteremsha shehena ile. Sikulaumu. Mimi niliyepata riziki yangu bandarini kwa miaka thelathini na mmoja nilichelewa mno kujiuliza swali hilo, na kuchelewa kwangu kulimgharimu mtu mwingine mguu.

Nilianza kazi mwaka wa 1970, nikiwa kijana mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Nilikuwa karani wa kuhesabu shehena. Kazi ya karani ni kusimama gatini na daftari lake, na kila mzigo utokao melini hana budi kuuandika: alama yake, namba yake, uzito wake, na hali yake kama ni mzima au umevunjika. Chini kabisa, ndani ya ngama ya meli, wako mahamali wanaoufunga mzigo kwa silingi. Juu ya sitaha yuko mwenye winchi, ambaye aghalabu hauoni mzigo anaouinua. Katikati yao yuko serahangi, amesimama ukingoni mwa shimo la ngama, akinena kwa mikono tu: kiganja juu, inua, kiganja chini, shusha, ngumi, simama. Ukitazama kutoka mbali utadhani anacheza ngoma. Lakini kila kidole chake kina roho ya mtu chini yake.

Siku moja katika mwaka wa 1973 lilikuja kasha la mbao lenye mashine. Hati yake ilikuwa imelowa maji, na tarakimu za uzito zilikuwa zimefifia. Serahangi alinipigia kelele kutoka juu, "Karani, kasha hili uzito wake nini?" Ningaliweza kumjibu kwamba siuoni vizuri. Kijana mwenye kalamu mbili hapendi kusema maneno kama hayo mbele ya watu. Nilikisia, nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Wakalifunga kwa silingi ya uzito ule nilioutaja. Kasha lilipofika juu ya gati kamba ikakatika, na hamali mmoja aliyekuwa amenyosha mikono kulipokea hakuwahi kuruka.

Jioni niliandika taarifa. Niliandika jina la meli, namba ya ngama, alama zote zilizochorwa juu ya kasha, saa na dakika kamba ilipokatika, na hesabu ya mbao zilizovunjika. Mwisho niliandika maneno manne: hamali mmoja ameumia mguu. Mkubwa wangu aliisoma, akaisifu kwa unadhifu wake.

Mwisho wa juma hilo nilikwenda Rabai kumtazama babu yangu. Alikuwa mkongwe wa miaka sabini na kitu, mwenye macho hafifu na masikio makali. Nilimsimulia habari ile, na nakiri kuwa niliisimulia kwa namna ya kujitoa lawamani. Babu alinisikiliza hata mwisho, kisha akaniuliza, "Aliitwa nani?"

Nikasema, "Nani, babu?"

"Huyo aliyevunjika mguu."

Sikujua. Jina la meli nililijua, na hata leo nalikumbuka.

Babu alinyamaza kitambo, kisha akamwita bibi amletee mkoba wake wa ukindu. Akatoa ndani yake kibati kidogo cha chuma chenye tundu na namba zilizogongwa. Namba zile zilikuwa zimelika hata kidole kilizitambua kuliko jicho. Akaniambia kwamba mwaka wa 1917 alikuwa yeye namba ile, wala hapakuwa na Mzungu yeyote aliyemwita kwa jina jingine.

Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza habari ya Kariokor kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwamo. Wewe unaijua Kariokor kuwa ni soko la Nairobi, na ndugu zetu wa Dar es Salaam wanalo lao Kariakoo. Majina yote mawili yametokana na neno moja la Kiingereza, yaani jeshi la wapagazi katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipigana na Wajerumani katika nchi isiyo na barabara, yenye mbung'o waliowaua farasi na ng'ombe. Kwa hiyo risasi, unga, dawa, mahema na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Babu aliteremshwa melini Kilwa, akabebeshwa mzigo papo hapo ufukoni, akaelekezwa bara.

Nataka tufanye hesabu pamoja, msomaji wangu, kwa kuwa hesabu hii ndiyo siri ya vita vile. Mpagazi mmoja huchukua mzigo wa ratli 50 hivi. Tuseme anachukua unga, na tuseme anakula ratli 2 kwa siku. Kikosi cha askari kikiwa mbali mwendo wa siku kumi, atakula ratli 20 akienda na ratli 20 akirudi. Katika ratli 50 alizotoka nazo pwani, askari watapata ratli 10 tu. Kikosi kikisogea mbele hata mwendo wa siku kumi na mbili na nusu, hawatapata kitu. Mpagazi atakuwa amejichukulia chakula chake mwenyewe. Njia iliyobaki ni kupunguza posho ya mpagazi, au kuongeza wapagazi, na yote mawili yalifanywa. Waingereza waliandika wapagazi kwa mamia ya maelfu. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, na tumbo la kuhara damu, na mvua, na homa ya mapafu. Babu alisema kwamba walikuwa wakitoka kambini alfajiri bila kutazama nyuma, maana aliyetazama nyuma aliona nani hakuamka.

Mwezi wa Aprili 2021 tume iangaliayo makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Nilipoisoma habari hiyo gazetini nilikwenda kukitafuta kibati cha babu.

Lakini nimekimbilia mbele. Nilitaka kukueleza habari ya mashua.

Swali la babu lilinitia ugonjwa wa kusoma. Kila kitabu nilichokipata juu ya vita vile nilikisoma, nikitafuta ndani yake watu wa kazi yangu, wapakiaji na wapakuaji. Ndivyo nilivyokutana na safari ya mashua mbili za vita zilizovuka milima ya Kongo, habari ambayo nikiwasimulia vijana hudhani ni ngano.

Mwaka wa 1915 Wajerumani walikuwa mabwana wa Ziwa Tanganyika. Walikuwa na meli Hedwig von Wissmann na nyingine ndogo iitwayo Kingani, na huko Kigoma walikuwa wamekwisha kuiunda kubwa kupita zote, Graf von Götzen. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ikaungwa upya, ikashushwa majini Februari 1915. Fikiri kidogo, wewe unayeona shida kuunganisha baiskeli. Karani aliyehesabu makasha yale 5,000 bila kupoteza moja lenye parafujo namwamkia kutoka mbali. Baadaye wakaiwekea mzinga uliotoka katika manowari Königsberg, iliyoangamizwa katika mdomo wa Mto Rufiji mwezi wa Julai 1915. Mwenye ziwa alihamisha askari wake kwa siku chache. Asiye na ziwa alizunguka kwa miguu majuma mengi.

Waingereza wakaazimu kupeleka mashua zao ziwani. Hazikuweza kupita Dar es Salaam, maana mji ulikuwa wa adui. Basi wakachagua njia ya nyuma, na njia ya nyuma ilikuwa kuzunguka nusu ya Afrika. Mashua mbili za mti wa mkangazi, kila moja yenye urefu wa futi 40, zilipakiwa melini Uingereza mwezi wa Juni 1915. Mkuu wao, Geoffrey Spicer-Simson, alizipa majina ya Mimi na Toutou. Majina haya ni ya Kifaransa. Hiyo Mimi siyo sisi, ingawa msomaji wa Kiswahili hapati kuizuia tabasamu.

Watu waliokwenda nazo walikuwa kama 28, na maafisa wengi miongoni mwao walikuwa wa jeshi la akiba la wanamaji. Maana yake ni kwamba katika siku za amani wao ni watu wa kazi zao nyingine, na vita vikija huvaa sare. Hata hapa kwetu Mombasa kikosi cha akiba cha namna hiyo kiliundwa mwaka wa 1933, na baadaye kikafuatwa na vingine, hata tukapata Jeshi la Wanamaji la Kenya mwaka wa 1964. Watu wa akiba wana faida moja ambayo askari wa kudumu hana: kila mmoja huja na ujuzi wa mahali alipotoka. Spicer-Simson mwenyewe alikuwa mtu wa majivuno mengi. Mwili wake ulikuwa umejaa chale, na alipokuwa ziwani alivaa nguo kama kikoi, hata wenyeji wakambandika jina la Bwana Chifunga-tumbo. Waandishi humpenda kwa sababu anachekesha. Mimi simkatai, ila naona amechukua kurasa nyingi kuliko haki yake.

Kutoka Cape Town mashua zilipanda gari la moshi, zikapita Rhodesia, zikaingia Katanga, zikaenda mpaka reli ilipokomea, mahali paitwapo Fungurume. Mbele yao ilikuwa milima ya Mitumba, na maili karibu 150 za msitu na magenge kabla ya kuipata reli nyingine. Hapo ndipo kazi ya shehena ilipoanza kwa kweli. Kila mashua iliwekwa juu ya kitako chenye magurudumu. Mbele zilifungwa injini mbili za mvuke za kukokota, na pamoja nazo makumi ya ng'ombe. Mamia ya watu wa nchi ile walitangulia na mashoka na majembe wakifyeka njia, na madaraja yapatayo 150 yalitengenezwa kwa magogo.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi. Injini ya mvuke hula kuni na kunywa maji, na maji yalikuwa mbali. Njiani yakaisha. Waliookoa safari ni wanawake wa vijiji vya karibu, walioajiriwa kuchota maji na kuyachukua vichwani kwa maili nyingi wakaishibishe mitungi ya injini. Kitabu nilichokisoma kiliwapa sentensi mbili. Niliisoma ile ya pili mara kadhaa, nikaona ni taarifa yangu ya mwaka wa 1973: hamali mmoja ameumia mguu.

Walipofika penye mwinuko ambao injini wala ng'ombe hawakuuweza, afisa mmoja aliyetoka Rhodesia, jina lake Wainwright, alipata shauri ambalo kila mtu wa bandari atalifurahia. Kamba ilifungwa kwenye mzigo, ikapandishwa mpaka kwenye mti mkubwa juu ya mlima, ikapitishwa katika kapi, ikarudishwa chini na kufungwa kwa ng'ombe. Ng'ombe wakageuzwa, wakateremka, na kwa uzito wa kuteremka kwao mzigo ukapanda. Soma tena sentensi hiyo ukipenda. Mnyama anayekataa kupanda na mzigo hakatai kuteremka nao. Nilipokuwa karani nilimwona serahangi wetu akitumia akili ileile kwa gogo la mvule lililokwama ngamani, naye hakuwahi kusikia habari ya Wainwright. Alifundishwa na mjomba wake, ambaye alikuwa nahodha wa jahazi.

Walitumia majuma sita kuivuka milima. Mwisho wa Septemba wakaipata reli, kisha Mto Lualaba, ambao maji yake yalikuwa yamepungua hata vyombo vikapanda michangani mara nyingi, kisha reli tena. Mwisho wa Oktoba wakafika upande wa Wabelgiji wa ziwa, mahali paitwapo siku hizi Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou zikaikamata Kingani baada ya mapigano ya dakika chache. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Juu ya mapigano sina mengi ya kusema. Yalikuwa mafupi, na safari ilikuwa ndefu. Hata hivyo nishani walipewa wapiganaji.

Götzen haikupigwa na mashua zile. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani, walipoona Kigoma itawaponyoka, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliitia mitambo yake mafuta mazito kwanza, kama mtu anayemzika mpenzi wake kwa matumaini. Mwaka wa 1924 Waingereza waliitoa majini, na mwaka wa 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba.

Mimi nimeipanda Liemba. Mwaka wa 1988 nilichukua likizo, nikaenda Dar es Salaam, nikapanda gari la moshi mpaka Kigoma. Wenzangu bandarini walinicheka kwamba nimeacha meli zangu ili nikaangalie meli ya watu. Tulisafiri kuelekea kusini, na niliyoyaona yalinirudisha nyuma miaka mingi. Katika vijiji vingi hapakuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, ikapiga honi, na mara giza lote likajaa mitumbwi na mashua. Magunia ya dagaa, mikungu ya ndizi, mbuzi, vitanda, wazee, watoto wachanga, vyote vilipita mlangoni ubavuni mwa meli kutoka mkono hata mkono. Serahangi hapakuwa. Kila mtu alikuwa serahangi wa mwenzake, na kelele zilikuwa kubwa kupita kiasi. Karibu nami alisimama kijana wa melini akiwa na karatasi, naye kwa kila abiria aliyevutwa ndani alimwuliza jina, akaandika. Nilitazama karatasi yake kwa taa. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kabisa.

Miaka ishirini na saba baadaye, Mei 2015, nilisikia redioni kwamba meli ileile ilikuwa ikienda na kurudi Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, ikiwachukua wakimbizi na kuwaleta Kigoma, kama 600 kwa safari moja. Hata kule hapakuwa na gati. Walifikishwa melini kwa mashua ndogo, wakipandishwa mmoja mmoja. Nilimfikiria kijana yule na karatasi yake, ingawa bila shaka alikuwa amekwisha zeeka.

Nimeacha jambo moja nyuma kwa makusudi, kwa kuwa linanionea haya hata leo. Jumatatu ile niliyorudi kutoka Rabai mwaka wa 1973, sikwenda moja kwa moja kazini. Nilikwenda kwa serahangi, nikamwuliza jina la yule hamali. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akanitajia. Silitaji hapa, maana watoto wake wangali hai nami sikuwaomba ruhusa. Lakini nililiandika katika taarifa yangu, juu ya mstari ule, kwa wino mwingine, na mkubwa wangu akanikaripia kwa kuchafua karatasi safi. Kisha niliandika taarifa ya pili, fupi, ya kwamba uzito wa kasha niliutaja mimi, nami sikuwa nimeuona. Hiyo hakuisifu. Nilikatwa mshahara wa mwezi, na hamali yule akalipwa fidia ambayo pengine asingalilipwa, ingawa haikuwa fidia ya mguu.

Nilimkuta Majengo, amekaa juu ya jamvi mbele ya nyumba, mguu wake umefungwa mbao. Alikuwa mtu mzima kuliko baba yangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiwe karani."

"Ndimi."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Nilimwambia machache tu, kwamba uzito nilikisia. Hakukasirika, wala hakuniambia kuwa si kitu. Alimwita mtoto aniletee kahawa, tukanywa kimya. Nilipokuwa nikiinuka kwenda, akanishika mkono.

"Karani, wewe uliziona karatasi. Mle ndani ya kasha mlikuwa na nini?"

Nikamwambia mlikuwa na cherehani kubwa ya kushonea midomo ya magunia.

Akakaa akifikiri. "Magunia," akasema. "Mimi nilidhani mzinga."

Akaanza kucheka, nami sikujua kama nimeruhusiwa kucheka pamoja naye.